Wape Mchezo Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Video ya Muziki ya Watoto

Video yangu ya kwanza ya watoto niliiharibu kwa mazoezi. Wiki tatu nzima niliwapanga watoto kumi na wawili mstari mmoja, nikawafundisha hatua, nikawakomalia mpaka wakazishika. Siku ya kurekodi hawakukosea hata mara moja. Nilipokaa kuhariri nikamkuza binti mmoja wa miaka sita ili nimweke kwenye kiitikio, nikaona midomo yake haisemi maneno ya wimbo. Ilikuwa inahesabu: moja, mbili, tatu, geuka. Nikawakagua wenzake mmoja mmoja. Karibu wote walikuwa wanahesabu.

Kiswahili kimetupa neno moja, kucheza, kwa ngoma na kwa gololi, kwa harusi na kwa rede. Mimi niliwapa watoto wale nusu ya neno, tena nusu ngumu. Tangu siku hiyo naanza na nusu nyingine: nawapa mchezo wanaoujua, kisha naiweka kamera na muziki kuuzunguka. Hatua zote hapa chini nitazieleza kwa mfano mmoja, video ya dakika mbili na sekunde ishirini iliyojengwa juu ya kombolela, ikarekodiwa kwa simu Jumamosi moja asubuhi mjini Tanga.

Tafuta mchezo kabla ya wimbo

Wengi huwa na wimbo tayari, ndipo wanajiuliza watoto wafanye nini humo ndani. Geuza mpango. Kaa barazani jioni mbili tatu, baada ya watoto kutoka shule na madrasa, uangalie wanachocheza bila kuambiwa na mtu. Kila mtaa una misimu yake. Kuna wiki za gololi, kuna wiki za tairi, na upepo ukikaza kila mtoto anataka tiara. Ukilazimisha gololi wiki ya tiara utapata nyuso za watu waliotumwa dukani.

Si kila mchezo unakaa vizuri kwenye picha. Mdako una picha nzuri mno ya karibu, kijiwe kikiwa hewani na vidole vikichota kete shimoni, ila hauwezi kubeba dakika mbili peke yake. Kuruka kamba kuna mapigo yake tayari. Kamba ikigonga ardhi ni ngoma tosha. Tatizo ni wale wawili wanaozungusha, ambao huganda kama nguzo za umeme. Rede ina hofu na vicheko, hasa ile ya kujaza chupa mchanga huku unakwepa mpira, lakini mpira hutoka nje ya fremu kila dakika. Chandimu, yaani mpira wa miguu wa mtaani, usiiguse kabisa. Ni kweli watoto watasahau kwamba kuna kamera, lakini watasahau pia kwamba kuna wimbo.

Kombolela niliichagua kwa sababu ina umbo la wimbo ndani yake. Kwetu ilichezwa hivi: kopo linawekwa katikati ya duara, mmoja analipiga teke mbali, msakaji analifuata na kulirudisha mahali pake, na wengine wote wamekwisha kujificha. Akimwona mtu anamtaja jina na kugusa kopo, aliyetajwa anasimama kando kama mfungwa. Lakini akichomoka mmoja ambaye hajaonekana, akalipiga kopo teke kabla ya msakaji hajafika, wafungwa wote wamekombolewa na mchezo unaanza upya.

Sasa liweke hilo kwenye muziki. Ubeti ni kujificha na kunyata. Kiitikio ni kukombolewa. Kopo linapigwa teke kwenye pigo la kwanza kabisa la kiitikio na watoto wote wanatoka mbio kwa makelele. Hapo huhitaji kumwambia mtu achangamke.

Na msanii mkubwa kama yupo? Awe msakaji, na ashindwe. Hakuna kinachowafurahisha watoto kama kumshinda mtu mzima, na hakuna kinachozima video ya watoto kama nyota aliyesimama katikati huku wao wakimchezea pembeni kama mapambo ya ukumbi. Kwetu msakaji alikuwa bibi mmoja wa nyumba ya kona. Tulikwenda kumwazima sufuria lake la pilau la harusini, ili mtoto mmoja ajifiche chini yake. Akasema sufuria halitoki bila mwenyewe.

Wimbo wa koo la mtoto

Ufanye mfupi. Dakika mbili hadi mbili na nusu zinatosha, maana kila sekunde kumi unazoongeza ni shoti tatu nne za kuwatafutia watoto siku ambayo wameshachoka. Kasi ya mapigo 110 hadi 120 kwa dakika inakaa vizuri na mwili unaoruka. Kiitikio kifike mapema, ikiwezekana ndani ya sekunde 25 za kwanza.

Kosa la maprodyuza wengi ni ufunguo. Wanatunga kwa sauti yao wenyewe ya kifuani, kisha mtoto anaambiwa aimbe humohumo, anabaki kunguruma. Koo la mtoto wa miaka sita hadi tisa linastarehe kati ya C ya kati na A iliyo juu yake. Kabla ya kurekodi, mwite mtoto mmoja aimbe kiitikio bila biti. Akinyanyua kidevu kutafuta noti, wimbo uko juu mno. Akikiinamisha kifuani, uko chini mno. Mtazame shingo, itakuambia mapema kuliko sikio.

Jambo la pili ni mkazo. Maneno yetu karibu yote yanabeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la biti linapaswa kuangukia hapo. "Kopo limekwenda wapi" huimbika wenyewe: KO, KWE, WA. Ukilazimisha pigo zito likae kwenye "po" na "pi", watoto watajikwaa kila mara, nawe utadhani hawajajifunza. Mistari yetu ya ubeti ilikuwa miwili tu, inayorudiwa kwa kunong'ona: "Nipo hapa, hunioni. Nyamaza, usicheke." Mtoto akiambiwa asicheke katikati ya wimbo, unajua kitakachofuata.

Maneno ya mapenzi ya watu wazima yasiwemo, na mauno ya ukumbini yasiwemo. Sijadili sana hili na wateja. Anayeyataka atafute mtu mwingine.

Rekodi pia sauti ambazo si wimbo: kopo likibiringika kwenye saruji, malapa yakikimbia, mtu akinyamazishwa "shii!". Tulizipata kwa simu siku mbili kabla ya kurekodi picha, zikawa ndizo midundo ya mwanzo wa wimbo.

Karatasi, wazazi na ofisi ya mtaa

Sehemu hii inachosha, na ndiyo watu wanaoiruka kisha wanajuta.

Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Kwa hiyo mtoto wa miaka minane simwandikii mkataba wa kazi, simpangii zamu, simkati chochote akichelewa. Anakuja kucheza asubuhi moja karibu na kwao, mzazi wake akiwepo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inaziweka taarifa za mtoto katika kundi la taarifa nyeti, na uso wake kwenye mtandao ni taarifa. Ukiwa Kenya, zisome Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Nako idhini ya mzazi haikwepeki.

Kibali cha kupiga picha kiulize Bodi ya Filamu Tanzania mapema, usingoje wiki ya kurekodi. Kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa umwone mwenyekiti au mtendaji. Barua ya mtaa inaonekana ndogo mpaka siku anapotokea mtu kuuliza nani kawaruhusu kuwapiga watoto picha. Wimbo usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina ya waliotunga, na kama mtoto katunga mstari, naye aandikwe.

Karatasi ya idhini iandike kwa Kiswahili cha nyumbani, ukurasa mmoja. Iseme kitu gani kitarekodiwa, lini, saa ngapi hadi saa ngapi, kitawekwa wapi, nani atalipwa nini, na mpaka tarehe gani mzazi anaweza kusema mtoto wangu mtoe. Isome kwa sauti mbele ya wazazi wote siku moja, mkeka mmoja, chai ikiwepo. Wenye maswali watauliza na wenye aibu watajibiwa kwa maswali ya wenzao. Kwetu mama mmoja aliuliza kama video itatumika kwenye kampeni za uchaguzi. Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Tukaongeza mstari: haitatumika kwa siasa wala kwa tangazo la biashara bila kuwauliza upya.

Posho iwe sawa kwa kila familia, ikabidhiwe kwa mzazi, na kiasi kiandikwe. Pipi na soda si malipo. Kama video itaingiza pesa, andika mgawo tangu mwanzo wakati hakuna pesa ya kugombania.

Baada ya mzazi, muulize mtoto mwenyewe, faragha kidogo, asiyaone macho ya mama yake. Wangu niliwapa ishara: ukiweka mkono kichwani unatoka, huulizwi sababu. Siku ile ilitumika mara nne. Tatu zilikuwa haja ndogo, na ya nne kijana alitaka tu kuona kama kweli hataulizwa.

Kuchagua watoto

Usifanye usaili wa kuwapanga mstari na kuwataja washindi. Chukua watoto wa mtaa mmoja ambao tayari wanacheza pamoja, saba hadi tisa, umri wa miaka sita hadi kumi. Wa chini ya miaka mitano wazuri sana kwa macho, ila dakika kumi zikipita wanataka mama, kwa hiyo waingize kwa shoti mbili tatu kisha uwaachie. Usimwondoe mkorofi wa kundi. Ndiye anayejua maficho. Wala usimsukume mpole mbele. Mpole wetu nilimpa kazi ya kulinda kopo kati ya shoti na shoti, kuhakikisha limerudi mahali pake, lebo ikiangalia kamera. Ilipofika shoti ya kumi alikuwa anawafokea wenzake.

Wote wanaingia. Ndugu yake mtu akija amebebwa mgongoni, naye ana nafasi, hata kama ni ya kupunga mkono dirishani.

Tazama mara moja video ya Eddy Kenzo wa Uganda ya mwaka 2014, Sitya Loss, iliyowatambulisha watoto wa Kampala wanaojulikana leo kama Ghetto Kids, waliofika fainali ya Britain's Got Talent mwaka 2023. Usiige mitindo yao, ni wachezaji hodari na wako hawatafika huko kwa wiki mbili. Angalia macho yao. Wanatazamana wao kwa wao mara nyingi, kila mmoja anataka kumpiku mwenzake, na hilo watoto wa mtaa wowote wanalo tayari.

Mahali, nguo, rangi

Ukipata uwanja au uchochoro, upitie mara mbili. Mara ya kwanza ukiwa umesimama, mara ya pili ukiwa umepiga magoti, kwa sababu msumari uliochomoza ukutani kwenye kimo cha mita moja hutauona ukiwa wima. Tafuta vioo, waya, mifuniko mibovu ya mashimo ya maji taka, mbwa. Hakikisha choo kipo karibu na mwenye nyumba amekubali. Barabara yenye bodaboda ikiwa ndani ya hatua hamsini, weka watu wazima wawili kila upande, kazi yao iwe hiyo tu. Sufuria la bibi tuliliinua kwa tofali upande usioonekana ili hewa ipite, na aliyejificha hakukaa chini yake zaidi ya nusu dakika.

Nguo zao wenyewe, zilizofuliwa, zinashinda sare za kushonesha. Niliwaomba wazazi wawaletee nguo mbili za rangi moja isiyo na maandishi, basi. Epuka mistari myembamba, huchezacheza kwenye skrini. Epuka jezi na nembo za kampuni. Sare ya shule usiitumie kamwe, kwa sababu inamwambia mtu yeyote mtoto huyu anapatikana wapi saa sita mchana. Ukitaka rangi, anika kanga sita au saba kwenye kamba ng'ambo ya uchochoro. Zinakupa mandhari, zinakupa maficho, na zikipigwa na jua la asubuhi zinaleta mwanga laini wa rangi usoni. Ila soma majina ya kanga kabla ya kuzianika. Yetu moja ilikuwa na fumbo ambalo bibi alicheka sana kisha akaenda kuikunja.

Simu na mwanga

Simu ya kawaida inatosha ikiwa na mambo matatu: uwezo wa kufunga mwanga na fokasi, nafasi ya kutosha kwenye memori, na lenzi iliyofutwa. Futa lenzi kila baada ya shoti tano, watoto wataishika kwa vidole vyenye mandazi.

Rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde (fremu hapa ni picha moja moja zinazounda video), si 30 ambazo simu nyingi huja nazo. Umeme wetu unakwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na chini ya tyubulaiti fremu 30 huleta kumetameta. Nje juani hakuna shida hiyo, lakini mkiingia ukumbini kidogo mtajuta. Kwa kuruka na kukimbia, rekodi fremu 50 ili uwe na nafasi ya kupunguza kasi.

Mwanga mzuri ni saa 1 hadi saa 3 asubuhi na saa 10 hadi saa 12 jioni. Nachagua asubuhi, maana jioni watoto wameshapigana. Simu ikiachwa ijiamulie, ukuta mweupe nyuma utaifanya itie giza nyuso nyeusi. Gusa uso wa mtoto kwenye skrini, ushikilie mpaka mwanga ufunge, acha ukuta uungue kidogo, yaani uzidi weupe. Upande wenye kivuli simamisha shuka jeupe au bati jipya. Bati linarudisha mwanga mkali, kwa hiyo lisimame mbali, lisimchome macho.

Kamera ikae kwenye kifua cha mtoto. Hili ndilo badiliko moja linalofanya kazi kubwa kuliko kununua simu mpya. Nilirekodi karibu video yote nimekaa kwenye kigoda cha mbuzi ya kukunia nazi, na shoti za kukimbia nilizipata nikiwa nimekaa kwenye mkokoteni wa maji unaosukumwa na baba wa mmoja wao. Watu wazima wakionekana, wanaonekana kuanzia kiunoni kwenda chini. Bibi peke yake ndiye tuliyemwona uso, kwa sababu aliinama kuchungulia.

Ujanja wa kasi

Hapa ndipo uchangamfu unapotengenezwa, na hauhitaji pesa. Tengeneza nakala ya wimbo iliyopunguzwa kasi hadi asilimia 80, bila kushusha sauti. Ukiishusha, waimbaji watasikika kama zimwi na hutarekodi chochote kwa vicheko. Wimbo wetu wa mapigo 120 ukawa 96, na sekunde 140 zikawa 175. Watoto wanachezea na kuimbia nakala hiyo ya polepole. Kwenye kuhariri unaongeza kasi ya picha hadi asilimia 125, midomo inarudi sawasawa na wimbo halisi, lakini kila ruko na kila kugeuka kumepata wepesi wa vikaragosi. Tena watoto wanapata muda wa kutamka maneno.

Kinyume chake kipo pia: wimbo uongezwe hadi asilimia 200, picha zirekodiwe kwa fremu 50, kisha uzipunguze nusu. Unapata mwendo wa ndotoni huku midomo ikilingana. Kwa mtoto usiitumie zaidi ya mstari mmoja, ulimi wake hautafika. Sisi tuliitumia mahali pamoja tu, bibi akigeuka kuona kopo linapaa.

Kila nakala ianze na mlio wa ti-ti-ti-ti kabla ya wimbo, na simu iachwe irekodi sauti ya spika. Mlio huo ndio utakaotumia kulinganisha picha na wimbo. Spika ikae ndani ya mita tano kutoka kwa watoto. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mtoto aliye mita 34 kutoka kwenye spika anausikia wimbo ukiwa umechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, yaani fremu mbili na nusu, na midomo yake itakuwa hivyo hivyo.

Siku yenyewe

Saa 12:30 asubuhi tulifagia uwanja. Saa 1:15 watoto wakafika, wakanywa uji na maandazi. Nusu saa iliyofuata walicheza kombolela ya kweli, simu ikiwa juu ya tripodi haijawashwa. Hii usiiache. Wanakuja kuichungulia, wanakunja nyuso mbele yake, wanachoka nayo, wanairuka kama wanavyoruka ndoo.

Saa 1:45 hadi 2:30, maficho na kunyata, mtoto mmoja mmoja au wawili wawili. Sikumpangia mtu mahali. Niliuliza: nani anaweza kujificha mahali ambapo hata mimi sitafikiria? Kisha nikawafuata. Tukapata ndani ya gunia la nazi, nyuma ya kanga huku miguu ikionekana, juu ya mwembe (mita moja tu, baba akiwa chini), na chini ya sufuria. Maji, ndizi, choo. Saa 3:00 hadi 3:45, kiitikio, wote pamoja, mara sita, kila mara kamera ikiwa mahali tofauti. Baada ya hapo jua lilikuwa kali na mmoja alishaanza kulia kwa sababu mwenzake kamkanyaga. Tukafunga. Saa 4 wali na maharage.

Neno "cheka!" ni marufuku. Mtoto akiambiwa acheke anatoa meno, basi. Nilichofanya ni kutangaza kwamba anayecheka kwenye ubeti katoka mchezoni, kisha nikajifanya natafuta miwani yangu iliyo kichwani. Walijibana mpaka mashavu yakajaa, na zile nyuso za kujibana ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kurekodi. Neno jingine la marufuku ni "umekosea". Sema "tena!", kwa sauti ya mtu anayetaka kuona zaidi. Usiwaonyeshe picha kila baada ya shoti, watakaa kuangalia nywele zao mpaka saa sita.

Kopo lilipigwa teke mara ishirini na tatu. Pata makopo manne yanayofanana, yenye ukingo uliolainishwa kwa tupa.

Kuhariri

Ukianza, andika majina ya watoto wote kwenye karatasi na uibandike ukutani. Kila uso unapoonekana wazi tia alama. Hakuna mtoto anayetoka na alama chini ya tatu, hata ikibidi utupe shoti uliyoipenda. Mama atahesabu, na mtoto atahesabu kabla ya mama.

Kata kwenye pigo kwa kiitikio, ila kwenye ubeti kaa na shoti ndefu. Ile ya sufuria tuliiacha sekunde tisa bila kukata: bibi anapita, anasimama, anakaa juu ya sufuria kupumzika, sufuria linacheka. Ukiikata unaiua. Acha makosa yenye uhai, kama ndala iliyoruka peke yake au mbuzi aliyepita. Ondoa yanayomdhalilisha mtoto, kama nguo iliyopanda au kilio, hata kama yanachekesha. Kagua nyuma ya picha: namba za nyumba, kibao cha shule, namba za simu ukutani. Zizibe.

Muite mtoto mmoja ambaye hakushiriki aangalie nakala ya kwanza. Usimuulize kitu, mwangalie yeye. Mahali anapogeuza kichwa kutazama kuku, hapo pana shida.

Kupandisha na kuonyesha

YouTube itakuuliza kama video imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Swali hilo lilianza Januari 2020, baada ya Google kukubali mwaka 2019 kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto walio chini ya miaka 13. Jibu kwa ukweli. Ukisema ndiyo, maoni yanafungwa na matangazo yanayomfuata mtazamaji hayawekwi, kwa hiyo mapato hupungua. Binafsi kufungwa kwa maoni nakuhesabu kuwa faida. Kwenye mitandao mingine funga maoni mwenyewe. Majina kamili ya watoto, mtaa wao na shule yao visiandikwe popote, na picha ya jalada isiwe uso wa mtoto mmoja peke yake. Yetu ni sufuria lenye macho mawili chini ya ukingo.

Kabla haijapanda, iwaonyeshe wenyewe. Shuka ukutani, projekta ya kuazima, mkeka, mtaa mzima. Kaa nyuma na karatasi, andika mzazi gani ananong'ona nini, kwa sababu usiku huo ndio nafasi yao ya mwisho ya kusema hiki kitoe. Sisi tuliondoa shoti moja. Wakaomba irudiwe mara saba, na bibi akauliza sufuria lake linarudi lini.

Nakala ya kila familia usiitume kama video ya kawaida ya WhatsApp, itabanwa mpaka nyuso ziwe ukungu. Itume kama dokumenti, au iweke kwenye memori kadi. Wewe baki na nakala mbili kwenye diski mbili, pamoja na karatasi zote za idhini, mpaka watoto hao wafikishe miaka 18.